AC ya kempa inanguruma lakini nyuma mnatoka jasho: mwongozo kamili wa kuitengenezea hewa njia

Kaskazi ya mwaka juzi ndo ilinifundisha hii kazi. Tulikuwa tumepaki Kigamboni, mbele kidogo ya Mjimwema, kempa yetu ni Coaster iliyotolewa viti ikawekwa vitanda, jiko na AC ya juu ya paa ya BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Saa nane usiku nikasikia kitu kinapiga paf, paf, kumbe mke wangu kule kitanda cha nyuma anampepea mtoto kwa kanga, mtoto wa miezi minane, mgongo wote umelowa. Mimi niko hapa mbele chini ya AC nimejifunika shuka hadi shingoni. Gari moja hilohilo, mbele baridi ya Lushoto, nyuma joto la Kariakoo saa saba mchana. Iliniuma, kwa sababu ile AC nilishaitolea hela mara mbili, fundi mmoja aliniambia gesi imepungua akatoboa bomba akaongeza, mwingine akasema mashine ni ndogo ninunue kubwa zaidi, na wote wawili hamna hata mmoja aliyefungua dari akaangalia hewa inapita wapi.

Kwa hiyo nianze na hili moja kabla hujatoa hela yako. Kama karibu na mashine panapoa vizuri na mbali hapapoi, mashine yako inatengeneza baridi, tatizo ni kwamba ile baridi inapotea njiani, na mara nyingi inapotea ndani ya nusu mita ya kwanza, pale tu inapotoka kwenye mashine kuingia darini. Hiyo unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa siku moja, kwa tepu na kipande cha bodi. Na ujue hizi AC za juu ya paa nyingi zinatoka kiwandani mfumo wa gesi umefungwa moja kwa moja, hazina valvu ya kuongezea kama split ya nyumbani, ndo maana fundi akitaka kuongeza inabidi atoboe bomba kwanza, na tundu alilotoboa linaweza kuwa ndo chanzo cha gesi kuvuja baadaye. Usikubali hadi umemaliza hatua zote hapa chini.

Hewa inavyotakiwa kutembea

Lile boksi la plastiki unaloliona juu ya paa lina kompresa (pampu ya gesi), feni na koili mbili, moja inatupa joto nje na nyingine ndo ya baridi. Feni inavuta hewa ya ndani kupitia grili ya dari yenye filta, inaipitisha kwenye koili ya baridi, alafu inaishusha tena chini kupitia tundu lilelile la paani. Hilo tundu kwenye mashine nyingi za Kimarekani ni kama inchi 14 kwa 14, za Ulaya nyingi ni sentimita 40 kwa 40. Tundu moja, kazi mbili, hewa ya moto inapanda na hewa ya baridi inashuka, na katikati kuna ukuta mdogo wa bati au fomu (sponji ngumu) unaozitenganisha. Kutoka hapo hewa baridi inaingia kwenye dakti, yaani zile njia zilizofichwa kati ya paa na dari, inaenda mbele na nyuma na kutokea kwenye matundu.

Sasa huo ukuta mdogo ndo kiini cha kila kitu. Upande mmoja feni inasukuma, upande wa pili inavuta, kwa hiyo mwanya hata wa upana wa kidole unapitisha hewa nyingi kuliko unavyofikiri, hewa haina sababu ya kusafiri mita nne hadi kitanda cha nyuma wakati mlango wa kurudi uko hapohapo jirani. Inarudi kwenye koili ikiwa baridi tayari. Hapo unapata hasara tatu kwa mpigo: nyuma hewa haifiki, thamostati iliyo karibu na grili inadhani gari zima limepoa kwa hiyo inakata kompresa mapema, na koili inayopokea hewa baridi badala ya moto inaanza kuganda barafu, na ikishaganda hata hiyo hewa kidogo nayo haipiti tena.

Kuna mzee mmoja fundi bati pale Gerezani, nilimwendea kutafuta kipande cha alumini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akaniuliza nafanyia nini. Nilipomweleza akaacha nyundo akasema, "Mwanangu, hewa ni kama maji ya bomba. Bomba la mwisho likiwa halitoi usianze kuilaumu pampu, tembea na bomba kwanza." Ndo tutakachofanya, tunatembea na bomba.

Kwanza pima, usikisie

Tafuta themomita ya jikoni ya kuchoma, ile yenye sindano, inatosha kabisa. Washa AC feni ikiwa kasi ya juu, funga milango na madirisha, iache dakika 20 hadi 30, alafu pima sehemu tatu na uandike kwenye karatasi au kwenye simu.

Ya kwanza ni pale hewa inapoingia, kwenye grili ya filta. Ya pili ni karibu kabisa na mahali mashine inaposhusha hewa baridi, kama kuna kile kimlango cha kufungua hewa itoke moja kwa moja chini pima hapo, kama hakuna chomeka sindano kwenye tundu la karibu zaidi. Ya tatu ni tundu la mwisho kabisa nyuma na la mwisho kabisa mbele.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili kwa mashine nzima inakuwa kama nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi. Kwa Dar, hasa jioni baada ya mvua za vuli hewa ikiwa nzito, usishangae ukipata 8, maana sehemu kubwa ya nguvu ya AC inaishia kwenye kukausha unyevu, yale maji yanayochuruzika kutoka paani ndo hiyo kazi yenyewe. Ukiona tofauti ni ndogo hata hapo karibu, yaani 3 au 4, basi tatizo ni uchafu, barafu au mashine yenyewe. Ukiona karibu ni sawa lakini tundu la mwisho lina nyuzi kadhaa zaidi, dakti inavuja au inapata joto la paa. Na kama tundu la mwisho linatoa hewa baridi sawa ila dhaifu, kuna mahali pameziba au pamevuja. Kwangu ilikuwa kwenye grili 29, tundu la karibu 19, tundu la kitandani 24, na hewa yenyewe unaitafuta kwa mkono.

Kwa nguvu ya hewa tumia ukanda wa tishu. Kata wa urefu wa kiganja, ushike chini ya kila tundu, uangalie unainuka kiasi gani. Piga video kwa simu kila tundu, utazihitaji mwishoni kulinganisha, kumbukumbu ya mtu haiaminiki kwenye hili.

Alafu fanya jaribio jingine dogo ambalo kwangu mimi ndo lilimaliza ubishi. Zima AC, toa grili na filta, chukua tochi, ingiza simu yako mkono ukiwa umenyooka na upige video ndani pande zote. Mimi niliona ile tepu ya kitambaa ya kijivu waliyofungia ukuta wa katikati imebanduka yote, inaning'inia kama jani la mgomba lililokauka, na nyuma yake mwanya ninaopitisha vidole vitatu. Chini kumejaa maranda ya plaiwudi ya siku walipokata tundu. Hewa iliyotakiwa kumpoza mwanangu ilikuwa inazungukia humo.

Kata umeme, kweli kweli

Kuzima kwa rimoti sio kukata umeme. Shusha breka ya AC, chomoa waya wa nje, zima jenereta, na kama una inveta izime pia, kwa sababu kempa nyingi inveta inashika yenyewe umeme wa nje ukikatika. Kapasita ya hiyo mashine, kile kifaa kinachotunza umeme wa kuanzishia mota, inabaki na chaji hata baada ya kuzima, sasa kama hujui kuitoa chaji salama usifungue sehemu ya waya kabisa, kazi zetu nyingi hapa hazihitaji kuigusa. Vaa glavu, yale mapezi ya koili, vibati vyembamba vilivyopangana, yanakata kama wembe. Na ukipanda juu usikanyage katikati ya paa pasipo na mbao au chuma chini yake, weka ubao mpana, asubuhi paa lina umande linateleza vibaya.

Vya kutafuta: tepu ya alumini, ile ya foili yenye karatasi nyuma, mizunguko miwili, ipo Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya friji na AC. Spiriti ya kusafishia, vitambaa, bodi nyepesi ngumu ya fomu au bati jembamba la alumini, kisu cha kukatia chenye blade mpya, futi kamba, mswaki mkuukuu, bisibisi, spana, na dawa ya kusafishia koili au sabuni ya maji isiyo kali. Tafadhali usinunue ile tepu ya kitambaa ya kijivu. Gundi yake haivumilii joto la paa na unyevu, ndo hiyohiyo niliyoikuta inaning'inia.

Usafi kwanza, maana bila huu mengine yote ni bure

Filta ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kivulini, usirudishe ikiwa mbichi. Kwa sisi tunaotembea barabara za vumbi kuelekea huko Kimbiji au Saadani, wiki mbili tu za safari zinaijaza. Kama filta imechanika au haikai vizuri kwenye fremu yake, nunua sponji ya filta ukate kwa kipimo, vumbi linalopita pembeni linaenda kukaa kwenye koili iliyolowa, linakuwa kama ugali.

Koili ya baridi isafishe kwa mswaki laini kufuata mstari wa mapezi, juu kwenda chini, usipige kwa upande yanapinda. Yaliyopinda nyoosha taratibu kwa kisu cha mezani kisicho na makali. Pulizia dawa, subiri, suuza kwa maji kidogo kidogo ya chupa ya kupulizia, na hakikisha yale matundu madogo ya kutolea maji kwenye sinia la chini hayajaziba. Nasisitiza hapa kwa sababu huko mbele tutaziba mianya mingi, na nimeshaona mtu kaziba na tundu la maji, usiku maji yakarudi ndani yakamwagikia godoro.

Watu wengi wanasahau gurudumu la feni, lile kama ngoma yenye mapanga membamba mengi. Kila panga lina mkunjo wake ndo unaoshika hewa, vumbi likijaza ule mkunjo panga linakuwa bapa, feni inazunguka vilevile, kelele ileile, ila hewa haisukumwi. Kulisugua panga moja moja kwa mswaki kulinichukua saa nzima na mgongo uliniuma, lakini hatua hii peke yake niliisikia tofauti yake kwa mkono.

Nje nako, fungua lile kava la plastiki, koili ya nje isuuze kwa maji baridi yasiyo na presha. Ukiwa unapaki pwani, chumvi inakula alumini, kwa hiyo kila ukirudi kutoka baharini imwagie maji safi siku hiyohiyo.

Boliti na gasketi

Kati ya mashine na paa kuna gasketi ya fomu nyeusi. Mashine inashikiliwa na boliti, kwa kawaida nne, ambazo unazifikia kutoka ndani. Mitikisiko ya barabara inazilegeza, gasketi inakuwa haijabanwa tena, hewa inapita chini ya mashine na siku ya masika maji nayo yanaingia. Kaza kwa zamu, kona kwa kona inayotazamana, mizunguko michache kila moja. Kwenye mashine nyingi gasketi inakuja na unene wa kama inchi moja na inatakiwa ibanwe hadi nusu inchi hivi. Ukipitiliza utaua gasketi na kupinda paa, hapo umejitafutia uvujaji mwingine. Kama gasketi imeshakuwa ngumu kama soli ya kiatu, badilisha, hata ukaze vipi haitaziba.

Ukuta wa katikati, hapa usiharakishe

Toa tepu yote ya zamani, yote, hata inayoonekana bado imeshika. Futa maranda, vumbi, mabaki ya gundi, alafu pitisha spiriti na uache ikauke. Tepu ya foili ikiwekwa juu ya vumbi au juu ya unyevu itakaa wiki moja, kwa hiyo kazi hii ifanye asubuhi AC ikiwa imezimwa tangu usiku, sehemu zote zikavu.

Pima upana na urefu wa tundu kwenye kingo zote mbili, utakuta juu na chini havilingani, kata bodi yako ikiwa kubwa kidogo ili iingie kwa kujibana yenyewe. Kabla ya kuiweka ivishe tepu ya foili pande zote hadi kwenye kingo, bodi tupu inanyonya unyevu na vipande vyake vinachanika vinaingia kwenye feni. Kama AC yako ina hita ndani usiweke fomu jirani na hiyo hita, tumia bati la alumini. Ikishaingia, bandika tepu kwenye maungio yote, nusu ya upana wake kwenye ukuta na nusu kwenye dari, ibane kwa mgongo wa kijiko uone ile michoro ya chini inatokea juu, ndo ujue imeshika. Kona weka vipande viwili vinavyopishana. Waya zinapopita usikate tundu kubwa, zungushia sponji alafu tepu.

Ukimaliza ukuta, geukia kuta nne za tundu lenyewe. Kwenye kempa zilizotengenezwa hapahapa mjini, mara nyingi utaona mbao tupu, waya, na uwazi unaoingia moja kwa moja kwenye nafasi ya kati ya paa na dari. Hewa baridi inaingia humo inapoza mabati, na upande wa kunyonya unavuta hewa ya moto iliyopikwa na jua humohumo. Funika zote kwa tepu hadi usione mbao popote. Upande wa kunyonya una umuhimu sawasawa na wa kupuliza, wengi wanaziba wa baridi tu wanajiona wamemaliza.

Alafu kuna kona ya hewa. Hewa inashuka kwa kasi, inagonga dari bapa, inatakiwa ikate kona kuingia kwenye dakti. Ikigonga hivyo inajizungusha palepale na kupoteza nguvu. Kata kipande cha bati la alumini, likunje liwe na mbinuko laini kama mgongo wa samaki, liweke chini ya mahali hewa inaposhukia, likiielekeza kwenye mdomo wa dakti. Kama una dakti mbili, ya mbele na ya nyuma, weka mbinuko wenye mgongo katikati ili hewa igawanyike, na mgongo huo usogeze kidogo upande wa mbele ili nyuma, ambako ni mbali, kupate mgao mkubwa zaidi. Hili la mgao sitaki ulikose, kwa sababu nilipouweka katikati kabisa mbele bado kulikuwa kunaganda na nyuma vuguvugu, niliposogeza sentimita tatu tu mambo yakakaa sawa.

Dakti na matundu

Toa kava la plastiki la kila tundu kwenye dari, uangalie ndani kwa tochi na simu. Utakuta aina tatu za matatizo. Tundu la dari na tundu la dakti havikutani sawasawa, kwa hiyo nusu ya hewa inagonga plaiwudi: kata vizuri kwa kisu. Kuna uwazi kati ya dakti na dari kuzunguka tundu, hewa inapotelea pembeni: zungushia tepu, kuanzia ndani ya dakti ikitokea hadi kwenye uso wa dari, alafu kava la plastiki litaificha. Dakti ile laini ya kukunjika imejikunja au imebanwa na kabati: inyooshe, ivute isiwe na mikunjo, fupisha iliyozidi.

Baada ya hapo nenda kwenye tundu la mwisho. Mara nyingi dakti haiishii hapo, inaendelea nusu mita au zaidi hadi ukutani, kifuko kipofu kinachojaa hewa isiyomfaidi mtu. Kata kipande cha fomu ukivishe foili, kisukume hadi sentimita chache tu baada ya tundu la mwisho, kikiwa kimelala kwa mteremko ili hewa iteremke kuelekea chini. Ni kazi ya dakika tano, na kitanda cha nyuma ndo kinachofaidi zaidi.

Jambo moja usilifanye hata ukishauriwa: kufunga matundu ya mbele ili hewa iende nyuma. Kwa AC kwa ujumla hesabu inayotumika ni kwamba tani moja, yaani BTU 12,000, inahitaji hewa futi za ujazo kama 350 hadi 400 kwa dakika. Mashine hizi za paani hazina hewa ya ziada ya kuchezea, ukifunga matundu matatu hewa inayopita kwenye koili inapungua na barafu inaanza. Punguza kidogo tu kama ni lazima. Na ikishaganda usichokonoe, weka feni peke yake bila kompresa nusu saa hivi hadi iyeyuke, alafu tafuta kilichoibana hewa.

Umeme unavyoiba hewa

Hii ilinishangaza nilipoielewa. Kempa nyingi zinazotoka Marekani AC yake ni ya volti 115 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Sisi tuna volti 230 na hezi 50. Mtu anaweka transfoma ya kushusha volti anaona kamaliza, lakini transfoma haibadilishi hezi, na mota ya feni ya aina hiyo kasi yake inafuata hezi. 50 kwa 60, umepoteza karibu moja ya sita ya mzunguko na hewa inapungua kwa kiasi hichohicho hivi, na mota inapata joto zaidi. Kama ndo hali yako, kuziba mianya ni lazima zaidi maana huna hewa ya kupoteza, na siku mashine ikifa nunua ya hezi 50.

Kwa wote, angalia ekstensheni. Mashine ya BTU 13,500 inakula kama ampea 6 hadi 7 kwenye volti 230, na karibu mara mbili yake kwenye 115, na wakati kompresa inaanza inavuta zaidi ya hapo. Waya mwembamba wa mita 30 uliozungushwa kwenye bunda unashusha volti na unapata moto. Tumia waya wa milimita mraba 2.5, ukunjue wote, ushike kwa mkono baada ya nusu saa, ukiwa wa moto badilisha.

Jua

Nitapita haraka hapa. Paki kivulini, chini ya mkungu au mwembe, ila sio mwembe wakati maembe yameiva, lile kava la plastiki juu halihimili. Geuza kioo kikubwa cha mbele kisitazame magharibi, weka kizuia jua cha foili kwa ndani kwenye vioo vyote. Paa likipakwa rangi nyeupe dakti zinapata joto dogo zaidi. Kupika fanya nje. Washa AC mapema kabla gari halijaiva, kuanzia saa nne asubuhi na sio saa nane mchana, kwa sababu mbao, magodoro na mabati yote yakishashika joto mashine inapambana nayo kwanza kabla haijafika kwako. Na kifeni kidogo kwenye korido kinachosukuma hewa ya nyuma irudi mbele kwenye grili kinasaidia sana, hewa isiporudi mpya haiendi.

Rudisha, pima tena

Rudisha grili, na hapo angalia kitu: grili yenyewe isiguse ukuta wako mpya ikausukuma, na ukingo wa juu wa grili ukutane na ukuta bila kuacha mwanya. Weka ukanda wa sponji hapo kama kuna nafasi. Washa, subiri dakika zilezile 20 hadi 30, muda uleule wa siku kama ulivyopima mwanzo, pima sehemu zilezile tatu, na rudia ukanda wa tishu.

Kwangu grili ilibaki 29, tundu la karibu 18 na nusu, tundu la kitandani likatoka 24 hadi 20, na ukanda wa tishu ambao mwanzo ulikuwa unatikisika tu ukapepea kama bendera. Kompresa nayo ikawa inakaa muda mrefu bila kukata, mwanzoni nikaogopa, alafu nikaelewa kwamba sasa inapoza gari lote na sio thamostati peke yake.

Kama baada ya haya yote tofauti kwenye tundu la karibu bado ni nyuzi 3 au 4, koili safi, filta safi, hamna barafu, volti iko sawa, basi hapo ndo umwite fundi wa AC aangalie kompresa, kapasita na gesi, na umwonyeshe vipimo vyako ajue wapi umeshapita. Miezi mitatu ya kwanza fungua grili mara moja kwa mwezi uangalie tepu kwa tochi, hasa kona mbili za upande wa nyuma wa tundu, ndo zinazobanduka mwanzo. Ukiona ncha imeinuka ikate, pitisha spiriti, bandika mpya.